Yote Kijani

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia, goti halikusumbui, na mvua haipiti tena pale kwenye kona ya jiko lako. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amehamishiwa shule nyingine, ana darasa la watoto sitini na wawili, na akirudi nyumbani hataki kuulizwa swali lolote mpaka amalize bilauri ya maji. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na sasa kila neno linamtoka na upepo.

Utashangaa kuona bahasha wakati simu ipo. Lakini tangu masikio yako yalipomalizwa na mafeni ya kazini kwenu, simu yako anakusomea Mlingoti, na binamu yangu huyo hawezi kufikisha ujumbe wa mtu bila kuutia chumvi. Mwaka jana nilikuandikia mtoto ana mafua, akakusomea kwamba amelazwa. Basi haya nimeona niyaandike kwa mkono, tuyajue wewe na mimi.

Kazi yangu unaijua. Watu wana takwimu nyingi kuliko macho, mimi nazipanga kwenye skrini moja, wenyewe wanaiita dashibodi, ili mtu akitupa jicho tu ajue hali ilivyo kabla hata hajakaa. Bosi wetu tunamwita Mama Nafasi, kwa kuwa wimbo wake ni mmoja: "Acheni nafasi! Jicho nalo lahitaji pa kupumulia." Wiki hii katuletea mteja mpya, kampuni ya kuhifadhi nafaka. Nafungua picha, naona vihenge kumi na kimoja, yale matangi marefu ya bati, vimejipanga kando ya reli, na cha mwisho kimebonyea ubavuni palipogongwa na lori. Nikasema moyoni, mbona hapa ni kwa Shangazi!

Sijamwambia mtu ofisini kwamba nina ndugu huko. Niambie tu, wewe unavisoma vipi vile vipimo kila siku? Nataka niwatengenezee kitu kisafi.

Mwanao,
Fagio

17 Februari

Mwanangu Fagio,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imefika siku ya tisa, imekunjwakunjwa lakini imefika. Goti ni lile lile, sasa linatabiri mvua kuliko redio. Mapacha wa Mlingoti wameanza kutembea, mmoja anakwenda mbele na mwingine kinyumenyume, na mkwe wangu amekonda kwa kuwakimbiza. Mlingoti mwenyewe hajambo, bado tuko naye kazini, yeye upande wa kupakua mahindi. Bado ni yule yule, akiingia mlangoni anainama, akitoka anasahau.

Nilicheka kuona bado unajiita kwa jina nililokupa mimi. Hukuwa unalala mpaka kila kiatu kiwe mahali pake. Kumbe ndiyo imekuwa kazi!

Umeniuliza ninavyosoma. Kila kihenge kina waya sita zinazoning'inia ndani ya mahindi toka juu hadi chini, na kila waya una vipimajoto vinane. Hivyo ni arobaini na nane kwa kihenge kimoja, na kwa vyote ni namba mia tano ishirini na nane. Asubuhi nazipitia, alasiri nazipitia tena. Miaka ishirini na sita. Lakini nikwambie kweli, sizisomi. Naziangalia kama mama anavyoangalia watoto wakitoka shule. Humtazami kila mmoja, unamwona yule anayechechemea.

Kuna mwaka namba moja kwenye kihenge cha pili ilitoka ishirini na saba ikafika thelathini na moja kwa siku tatu. Moja tu, wenzake wote wametulia. Nikapiga kelele, wakachimbua. Wakakuta bonge la mahindi yaliyooza, gumu kama jiwe, lina joto la yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Wangeliacha mwezi mmoja zaidi lingeshika moto. Mahindi hayawaki kama kuni, mwanangu. Yanaungua kimyakimya ndani kwa ndani, nje huoni kitu.

Sasa nami nikuulize. Kwenye hicho kitu chako kisafi, ile namba moja utaiweka wapi?

Shangazi yako

12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilinikaba mpaka nikasahau hata kunyoa. Mke wangu anakusalimu. Jino jipya la binti limechungulia, limekaa upande.

Dashibodi imekwisha! Nimekuchorea kwenye karatasi iliyomo ndani ya bahasha hii. Badala ya zile namba zote, ukuta mzima una maduara kumi na moja. Katikati ya kila duara ipo namba moja kubwa. Ikiwa shwari duara ni kijani, ikifika thelathini na tano linakuwa njano, ikifika arobaini na tano jekundu. Basi. Hakuna mistari, hakuna vivuli, hakuna mapambo. Meneja wenu alikuja mwenyewe kutazama. Alisimama mbele ya skrini akahesabu mpaka tano kwa vidole, akasema, "Nimeelewa kila kitu." Mama Nafasi alinipiga begani mbele ya watu, jambo ambalo hajamfanyia yeyote tangu nianze kazi hapa. Wateja wengine wameanza kuuliza kama wanaweza kupata kama hiyo.

Namba zako zote zimo, usiwe na wasiwasi. Zimo ndani, zimehifadhiwa.

Nisalimie Mlingoti, na mapacha, wa mbele na wa nyuma.

Mwanao,
Fagio

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi ni wazima. Paa limezibwa, sasa panavuja pengine.

Skrini yako imewekwa ukutani toka wiki ya pili ya Machi. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Wageni wanaletwa kuitazama na kupiga nayo picha. Chumba cha vipimo kimepakwa rangi nyeupe, meza zimeondolewa, kimebaki kiti kimoja na karani kijana, binti wa watu, mwenye adabu. Yote kijani, asubuhi kijani, jioni kijani.

Mimi siku hizi niko zaidi nje, kwenye hewa safi.

Uliandika kwamba namba zimo ndani. Ndani ya wapi? Yule karani amelibonyeza duara, amelibonyeza mara mbili, amelibonyeza kwa kidole cha mkono wa pili. Halifunguki. Na kihenge cha saba kinanuka, ule mnuko wa nguo iliyopigwa pasi kabla haijakauka. Sijui kama kwenye dashibodi mnuko una rangi.

Shangazi

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Huku binti ana kikohozi kidogo, si kitu cha kutia hofu.

Kuhusu kubonyeza, hiyo ni awamu ya pili ya kazi. Mteja ataamua lini. Kwa sasa namba inayoonekana ni wastani wa vile vipimajoto arobaini na vinane, na wastani ni kitu cha kuaminika, hautingishwi na kipimajoto kimoja kilichoharibika. Kabla yake mlikuwa mkipandishana presha kwa sababu ya waya mbovu, meneja alinieleza mwenyewe. Na mnuko, Shangazi, unaweza kutoka popote. Magunia yaliyolowa, mtaro, panya.

Nisamehe kama naandika kwa ukali. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili barua fupi vile.

Uko nje unafanya nini? Nimempigia Mlingoti mara nne nimuulize. Simu inaita tu.

Fagio

30 Aprili

Mwanangu Fagio,

Marahaba. Pole kwa kikohozi cha mjukuu wangu, mkandeni kifua kwa kitambaa cha moto. Huku mapacha wote wawili sasa wanatembea kwenda mbele, na nyumba haina tena pa kuweka kikombe.

Umeniuliza nafanya nini nje. Nafagia uwanja. Siku skrini ilipowashwa nilipewa ufagio, wakaniambia chumba cha vipimo hakihitaji tena watu watatu. Ndiyo sababu Mlingoti hapokei simu yako. Nilimwambia si kosa lako, akaniuliza ni la nani basi. Sikukuandikia kwa sababu nilikuona umefurahi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeficha vya kutosha, basi nimwage yote.

Nafika kazini kabla jua halijapiga bati. Wakati ule vihenge vyote vimelowa umande. Nimevitazama wiki tatu. Kwenye kihenge cha saba, upande wa reli, juu kidogo ya kimo cha mtu, kuna sehemu upana wa mlango ambayo umande wake unakauka kabla ya kwingine. Mwanzoni ilikuwa upana wa sahani. Nimeweka kiganja. Sasa hivi panapokea kiganja kama shavu la mtoto mwenye homa.

Nikaenda kwa meneja. Kwa kuwa sisikii, aliniandikia kwenye karatasi: "Skrini inasema 27." Nikamwambia pua yangu inasema vingine. Akaandika: "Pua haina namba."

Na kuna jingine. Mahindi ya kihenge hicho yamegoma kushuka. Wanafungua mlango wa chini, yanatoka kidogo, yanakatika. Maana yake juu yameshikana yamefanya ganda. Wamepanga kumshusha mtu ndani alivunje ganda kwa koleo, Jumanne ya tarehe 14 Mei saa tatu asubuhi. Sheria inasema mtu haingii mpaka joto lithibitishwe kuwa salama, na siku hizi kuthibitisha ni kutazama ukutani.

Ni zamu ya nani sitaki kuandika. Kalamu inakataa.

Shangazi yako

14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii haitakusaidia kitu, najua. Itakufikia wiki ijayo, na ninayoyaogopa yatatokea leo. Naandika kwa sababu sina kingine kilichobaki cha kufanya.

Barua yako ilikwenda kwenye anwani ya zamani ya ofisi. Nimeipata jana saa kumi alasiri, mlinzi wa jengo ameniletea mkononi. Nimeisoma nimesimama kwenye korido. Nilipofika pale kalamu ilipokataa, nilijua ni Mlingoti.

Nilikwenda mezani nikafungua namba za kihenge cha saba, zile arobaini na nane, ambazo sijazitazama tangu nimalize kazi. Arobaini na sita zimetulia kwenye ishirini na sita. Mbili, zilizo jirani kwenye waya wa nne, zilikuwa sitini na nane na sabini na moja. Ukizichanganya zote ukagawa, unapata ishirini na nane, na duara linabaki kijani kibichi kama jani la mgomba. Shangazi, hesabu haikukosea. Ndicho kinachonitisha.

Nilimfuata Mama Nafasi.

"Nani amekutuma uchungulie data za mteja?" akaniuliza.

"Shangazi yangu yuko pale. Kesho asubuhi wanamshusha mtu mle ndani."

"Kwa hiyo siku hizi tunabuni kwa kufuata mashangazi?"

"Tazama hizi mbili, Mama. Tafadhali tazama tu."

Alitazama. Nakwambia kweli alitazama, na rangi ya uso wake ikabadilika kidogo. Kisha akafunga kompyuta yangu kwa kiganja. "Mkataba unasema wastani. Wao ndio waliotia saini wastani. Nitawaandikia barua pepe. Ukiigusa skrini ya mteja bila idhini yake, hapa huna meza."

Nikapiga simu huko kwenu. Mapokezi wakasema meneja yuko kikaoni. Nikapiga tena, wakasema ameshatoka. Simu ya Mlingoti imezimwa. Yako, hata ukiipokea, utanisikia vipi? Leo tangu saa moja nimepiga kwa mlinzi wa geti, akaniambia simu za wafanyakazi zote ziko kabatini, na yeye haruhusiwi kuacha geti. Nikamwomba akimbie. Akasema, "Kaka, huku kila kitu kiko sawa, naiona skrini kupitia dirishani, yote kijani."

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe uliniuliza Februari nami nikalikwepa. Uliuliza ile namba moja nitaiweka wapi. Niliiweka. Chini ya kila duara palikuwa na namba ndogo ya pili, joto la pale penye moto kuliko pote. Mama Nafasi aliitazama akasema, "Hii inanifanya nisome mara mbili." Hakusema niiondoe. Meneja wenu hakuwa hata ameiona. Ni mimi. Kwenye duara la kumi na la kumi na moja ile namba ilikaa upande kidogo, haikulingana na wenzake, nikajaribu kuinyoosha nikachoka. Nikaifuta. Nilifuta kwa sababu ya urembo, Shangazi. Kisha nikakuandikia kwamba zimo ndani.

Saa tatu kasoro robo nilikaa mezani nikairudisha. Si namba tu, nimebadilisha na rangi, sasa duara linafuata pale penye moto zaidi, si wastani. Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. Nilikosea mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Saa tatu na dakika ishirini nimeirusha kwenye ukuta wenu.

Saa tatu na dakika ishirini. Nawe umeniandikia saa tatu.

Sasa ni saa nne kasorobo. Hakuna aliyepiga. Mama Nafasi amepita mara mbili nyuma ya kiti changu. Natazama duara la saba kwenye skrini yangu, ni jekundu, limeandikwa 74, na sijui kama huko kuna jicho lolote linalolitazama.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu Fagio,

Marahaba popote ulipo. Tuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu salamu nyingine hazina maana kabla yake. Sina barua yako tangu ya Aprili, sijui hata kama yangu uliipata. Nakwambia yaliyotokea.

Jumanne saa mbili niliacha ufagio nikamtafuta mwanangu. Mlingoti alikuwa anavaa mikanda ya kushushiwa. Nilimwomba asiingie. Aliniangalia usoni ili nisome midomo yake, akasema, "Mama, nikikataa mimi, atashushwa mwingine, na mimi nitarudi nyumbani kwa mapacha bila kazi." Basi nikaenda kwenye ngazi ya kihenge cha saba nikapanda. Vidato mia moja na nane. Goti lilipiga kelele njia nzima, bahati nzuri mimi ni kiziwi.

Juu kuna mlango wa duara wa kuingilia. Nikaukalia.

Mlingoti akapanda na wenzake wawili na kamba. Akaniambia, "Mama, unanitia aibu." Nikamwambia aibu haina mazishi. Meneja akapandisha karatasi kwa mtu: SHUKA AU HUNA KAZI. Nikaigeuza, nikaazima kalamu, nikaandika nyuma: NIMESOMA. Nikairudisha. Saa tatu ikafika ikapita nikiwa nimekaa. Bati lilikuwa la moto chini yangu, na si la jua, jua lilikuwa bado upande wa pili. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nawaza: hawa wakiniinua nitafanya nini? Nitaanguka kwa makusudi? Nitamng'ata mwanangu?

Wakaja walinzi wawili. Vijana wazuri tu, mmoja aliniomba radhi kwa macho. Walinishika makwapani wakaninyanyua kama gunia. Mlingoti akafungua mlango. Mvuke ukamjia usoni, akageuka akakohoa, kisha akaingiza mguu mmoja.

Mimi sikusikia kitu. Niliona tu wote wameangalia chini kwa pamoja. Nikatazama nami. Yule karani binti wa watu alikuwa katikati ya uwanja, viatu mkononi, mdomo wazi, anaonyesha chumba cha vipimo kwa mkono mzima. Baadaye aliniandikia alichokuwa akisema: "Saba ni nyekundu! Saba ni nyekundu! Sabini na nne!"

Meneja akatoka. Nilimwona akitikisa kichwa na kuzungusha kidole sikioni, maana yake mashine imechanganyikiwa. Akamwashiria Mlingoti aendelee.

Mlingoti akabaki na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kisha akachukua ndoo ya vifaa, nzito, akaifunga kamba, akaitupa juu ya ganda. Ganda likaibeba. Ikakaa pale, vizuri kabisa, muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Halafu pale ilipokaa pakawa hapapo. Kamba ikamkimbia mikononi ikamchuna viganja vyote viwili mpaka nyama, na ndani ya shimo kukatoka moshi wa manjano wenye harufu ile ile niliyokuambia. Ndoo hiyo hatujaiona tena.

Akautoa mguu wake taratibu sana, kama mtu anayeuazima.

Kihenge kimeungua siku tatu. Zimamoto walikata bati ubavuni, nyumba za karibu na reli zikahamishwa. Hakuna aliyekufa. Mikono ya Mlingoti imefungwa bendeji, analishwa pamoja na mapacha, kijiko kwao, kijiko kwake. Jana aliniuliza, "Ile nyekundu aliiwasha nani?" Nikamwambia sina ushahidi, ila namjua mtu mmoja. Akamwambia mkewe amshikie simu.

Kazi sina tena. Meneja ni mtu wa kutimiza neno.

Shangazi yako

3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara moja tu, mara ya pili nilishindwa kupita pale kwenye mguu mmoja.

Ile siku yenyewe nilijulishwa na redio: moto kwenye vihenge, hakuna vifo vilivyoripotiwa. Neno "vilivyoripotiwa" lilinikalisha chooni nusu saa. Nikapata nafuu siku tatu baadaye, Mlingoti aliponipigia. Nilisikia pumzi yake na mapacha wakigombea kitu. Mwishowe akasema, "Fagio, wewe ni mjinga." Nikasema, "Najua." Akasema, "Mkono wa simu umechoka, ni wa mke wangu," akakata. Nililia kama mtoto aliyeokotwa sokoni.

Mimi nilifukuzwa siku ile ile kabla ya saa sita. Walinifungia mashine nikiwa bado nimekaa mbele yake. Mke wangu hajanilaumu hata kidogo, ananipikia na kunitazama, na hilo ni gumu zaidi. Nimesikia kwa mwenzangu wa ofisini kwamba skrini yenu imerudishwa kama ilivyokuwa. Maduara kumi sasa. Kijani.

Lakini si hilo linalonifanya nisikae kitini. Dashibodi ile haikubaki kwenu. Mama Nafasi aliifanya kiolezo, akaiuza kwenye maghala mengine tisa wakati sisi tukiandikiana kuhusu meno ya binti yangu. Maduara yale yale, wastani ule ule, mkono wangu ule ule. Funguo za kuingia kwenye skrini hizo sina. Majina niliyoyakumbuka ni sita, na hayo matatu yaliyobaki nayatafuta kichwani mpaka kichwa kinauma. Nimepiga simu kote sita. Sehemu moja alipokea dada mwenye sauti nzuri sana.

"Dashibodi yetu haina tatizo, kaka," akasema, "yote kijani."

"Ndiyo maana nimekupigia."

Akacheka, akadhani namtania, akanitakia siku njema.

Nawaandikia mameneja, hakuna anayejibu. Wakili mmoja ndiye aliyenijibu, akaniuliza kama nina haki ya kuzungumzia kazi ya kampuni. Kila nikiona kitu chochote cha kijani kimetulia, taa ya barabarani, mlango wa duka, nasimama kukikagua. Shangazi, naogopa. Sijui tena nimwambie nani. Majina sita nimeyaandika kwenye karatasi ya pili ili nisiwe nayo peke yangu.

Mwanao,
Fagio

11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kaa kwanza. Mke wako na binti yako nawasalimu, waambie nimewaandalia godoro. Mlingoti ameanza kukunja vidole, anaweza kushika kikombe lakini si kalamu. Mapacha wamejifunza neno "hapana" na hawatumii lingine.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa naandika barua nyingine. Nimesoma yako nikaona kosa lako. Umekuwa unagonga mlango wa mbele. Meneja ana skrini, wakili ana mkataba, dada wa mapokezi ana sauti nzuri. Hakuna hata mmoja kati yao anayepita karibu na bati asubuhi.

Basi nimeandika barua sita, kwa herufi kubwa, na juu ya kila bahasha nimeandika jina la ghala, na chini yake: KWA ANAYEFAGIA UWANJA. Mlingoti alinicheka, akasema posta watazitupa. Ndani nimeandika hivi tu: Mimi nilikuwa mfagiaji kama wewe. Skrini ya kazini kwenu haioni sehemu moja yenye moto. Nenda kabla ya jua, tazama umande unapokaukia, weka kiganja, nusa. Usikubali mtu ashuke ndani. Ukiona kitu niandikie. Nikaweka anwani yangu.

Wiki tatu hakuna kitu. Nikaanza kumwamini Mlingoti.

Jana imekuja bahasha. Haina jina la aliyeituma, imegongwa muhuri wa mji ulio siku mbili kwa basi kutoka hapa, na kwenye karatasi yako mji huo una ghala moja tu. Ndani kuna kipande cha mfuko wa saruji, kimeandikwa kwa penseli ya fundi seremala, mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Nakunakilia kama kilivyo:

"Kihenge cha tatu. Pamekauka upana wa meza. Tumesema, wametucheka. Tarehe ishirini wanashusha watu wawili, mmoja ni mdogo wangu. Nyinyi ni nani? Mnaweza kuja?"

Simu hakuandika. Leo ni tarehe kumi na moja, barua hii itakufikia kama tarehe ishirini, kwa hiyo usiisubiri kunijibu, na hata hivyo hutanikuta. Kama simu ya Mlingoti imekuita kabla ya bahasha hii, ujue nimemruhusu akuambie, na safari hii ameapa hatatia chumvi. Ukiwahi, tufuate huko, ubebe zile namba zako na karatasi yoyote inayoonyesha ulivyofuta na ulivyorudisha. Huko hawatuamini kwa pua.

Mlingoti amekwenda stendi kukata tiketi mbili. Mimi nafunga mzigo. Naandikia juu yake, ndiyo maana mistari hii imepinda. Nimeiacha hivyo hivyo.

Shangazi yako